Plaizi Iko Chini ya Kuku

Jamani, mimi ni fundi umeme. Mali yangu duniani ni plaizi, bisibisi tatu, tesita na tepu, vyote vimo kwenye boksi la mbao. Mwezi uliopita kuku wa mama watoto akaingia humo, akatutumua manyoya, akakaa. Nikapeleka mkono nichukue tesita. Kidole bado kina plasta.

"Usimguse," mama watoto akasema. "Anataka kulalia. Ukimhamisha atasusa."

Atasusa! Mimi nimelazwa kwenye kochi mara ngapi humu ndani, nani aliogopa nitasusa?

Ila na mimi nilijitakia. Siku hiyohiyo nilileta mayai 12 ya bantamu, vile vijikuku vya mapambo vyenye manyoya hadi miguuni, shilingi 3,000 yai moja, nawaza biashara. Muuzaji kanisomea ukoo mzima: jina limetoka Banten, kule Java. Nafungua mfuko, vijiyai kama vya njiwa. Mama watoto akavitazama, akanitazama. "Hii ndiyo elfu thelathini na sita?"

Jirani akanishauri nitafute mashine ya kutotolea. Ndugu yangu, mimi fundi umeme. Niuamini umeme siku 21?

Basi usiku, giza totoro, tukamtolea Bi Mkubwa mayai yake ya kienyeji, tukampenyezea yale 12, tumeyatia alama ya mkaa ili mwenzake akija kutagia humo tujue lipi la nani. Akayasogeza kwa mdomo mpaka pale tumboni alipojinyonyoa manyoya, akafumba macho. Hakuuliza Java ni wapi.

Kuanzia hapo kazi yangu ikaendeshwa kwa ratiba ya kuku. Anatoka mara moja kwa siku, saa nne asubuhi, dakika kama 20. Anakunywa maji, anadonoa mtama, anajigaragaza kwenye majivu, halafu anashusha mzigo wa siku nzima kwa mkupuo mmoja, saizi ya andazi, mlangoni kabisa. Hizo dakika ndizo zangu za kuchomoa plaizi. Siku akiwahi kurudi, basi. Mteja anapiga: "Fundi, umefika wapi?" Namwambia bado nasubiri kuku atoke. Anakata simu. Na utitiri sijausema. Nimejikuna msibani mpaka shehe akasita kwenye dua.

Siku ya saba tukayamulika kwa tochi. Tisa yana vimishipa vyekundu kama buibui. Matatu meupe, hayana kitu. Mama watoto akasema tuyatoe, yatakuwa viza.

"Elfu tisa hiyo! Yarudishe, labda yamechelewa."

Akanyamaza. Kile kimya chake.

Siku ya 20 vikaanza kulia humohumo ndani ya mayai, na mama yao anavijibu kwa chini, krrr, krrr. Kesho yake vifaranga tisa, kila kimoja kama kidole gumba kilichovaa sweta. Mama mwenyewe akageuka askari. Kunguru hatui. Baba mwenye nyumba kafuata kodi, karukiwa kifuani, kaondoka kasahau kandambili moja. Hapo, nikiri, nilimpa mtama wa ziada.

Boksi likarudi mikononi mwangu. Tatizo ni yale matatu. Moja lilikuwa limepasuka juu ya tepu. Nimeosha kwa sabuni ya unga mara tatu, nimelianika juani siku mbili, nikalinyunyizia na marashi ya mama watoto, jambo ambalo yeye bado hajalijua.

Jana nikaitwa kufunga soketi jikoni kwa mama mmoja. Nikafungua boksi. Mama akasimama, akanusa.

"Fundi, mtungi wangu wa gesi unavuja?"

Nikafunga boksi taratibu. Nikaupigia magoti ule mtungi, nikaukagua na mpira wake mwanzo mwisho, nikamwambia uko salama kabisa, ila afungue madirisha yote.