Waiveni si joka dogo, ni mnyama kamili

Kuna kiumbe anayeonewa sana katika hadithi za fantasia, naye ni waiveni: mwenye miguu miwili, mabawa mawili na mkia mrefu wenye mwiba, asiyesema na asiyelinda dhahabu. Waandishi wengi, na watunzi wa michezo ya kompyuta pia, humtumia kumpasha shujaa misuli. Anauawa mapema ili tujue upanga unakata, kisha baadaye ndipo linapotokea joka lenyewe, la miguu minne, linalotema moto na kujibizana na watu kama mwanafalsafa. Waiveni amefanywa joka la daraja la pili, joka lililonyimwa akili. Mimi nashikilia kinyume. Kati ya majoka yote yaliyobuniwa na binadamu, waiveni ndiye bora, na ubora wake umo katika jambo lile lile analodharauliwa nalo: ni mnyama.

Hesabu viungo vyake. Joka la miguu minne na mabawa mawili lina viungo sita, na katika wanyama wenye uti wa mgongo hakuna aliyewahi kuishi na viungo sita. Tangu samaki wa kale walipoanza kutambaa nchi kavu, zaidi ya miaka milioni 360 iliyopita, ramani ya mwili imebaki ile ile ya viungo vinne. Anayetaka kuruka sharti alipe, na malipo ni mikono. Wanyama wa uti wa mgongo wamefanikiwa kuruka kwa kupiga mabawa mara tatu tu, yaani terosauri (watambaazi warukao wa zama za dinosauri), ndege na popo, na mara zote tatu mkono ndio uliogeuka bawa. Terosauri alirefusha kidole kimoja akatandaza utando. Popo alirefusha vidole vinne. Ndege aliunganisha vidole akaota manyoya. Wako mijusi wadogo wa Asia ya Kusini-Mashariki, wa jenasi ya Draco, waliobaki na miguu yao yote kwa kutandaza mbavu, lakini hao huteleza tu hewani kutoka mti hadi mti. Waiveni amelipa bei kamili. Ndiyo maana nikimwona kwenye mchoro mzuri mwili wangu unasisimka kwa namna ambayo joka la miguu minne halinisisimui: namwona mnyama ambaye angeweza kuwapo.

Hata huo unyonge wake si wa tangu zamani. Wachoraji wa Ulaya wa karne za kati hawakuhesabu miguu, na majoka yao mengi yana miwili tu. Ni wataalamu wa nembo wa Uingereza, kuanzia kama karne ya 16, waliokata shauri kwamba mwenye minne aitwe joka na mwenye miwili aitwe waiveni. Joka jekundu la Wales, lililo kwenye bendera iliyorasimishwa mwaka 1959, lina miguu minne. Waiveni akabaki kwenye ngao za koo na nembo za miji. Ni mgawanyo wa makarani wa ngao, wala hauna neno lolote juu ya nani ni mkali zaidi.

Basi tumchukue kama mnyama, tuone atakuwa na tabia gani. Ukubwa kwanza, maana kila kitu kinafuata hapo. Kiumbe mkubwa kuliko wote waliowahi kuruka, kwa kadiri ya mifupa iliyopatikana, ni Quetzalcoatlus, terosauri aliyegunduliwa Texas mwaka 1971. Mabawa yake yakitandazwa yalifika mita 10 hivi, akisimama alilingana na twiga, na uzito wake hukadiriwa kuwa kati ya kilo 200 na 250. Hapo ndipo ninapomweka waiveni wangu. Wale wa ukubwa wa nyumba siwataki.

Mnyama wa uzito huo hawezi kuvaa magamba ya chuma. Mifupa yake ni mirija yenye kuta nyembamba, na kifua chake chote ni misuli ya kupigia mabawa. Terosauri walikuwa na vinyweleo mwilini, dalili kwamba walitunza joto lao wenyewe, nami sioni kwa nini waiveni awe tofauti: magamba kwenye miguu na uso, manyoya mafupi mazito kifuani na tumboni. Najua wapo watakaokasirika kusikia joka lina manyoya. Lakini misuli ya kuinua kilo 250 haifanyi kazi ikiwa baridi, na mnyama anayengoja jua limpashe hawezi kuwinda milimani alfajiri. Mshale utapenya utando wa bawa lake, naam, na kwa siku chache hataruka vizuri. Ila popo akitoboka utando, tundu huziba ndani ya wiki chache, hivyo anayemjeruhi waiveni bawa asidhani amemaliza kazi.

Ardhini hatembei kama kuku. Kosa hili naliona mara nyingi: waiveni amesimama wima kwa miguu miwili, mabawa yamekunjwa mgongoni. Hapana. Atakunja mabawa na kukanyagia vifundo vya mbele, yaani pale bawa linapokunjika penye makucha, kama walivyotembea terosauri na kama wanavyotambaa popo. Na akitaka kupaa hasukumi kwa miguu ya nyuma peke yake. Wapo wanasayansi wanaoona kwamba terosauri wakubwa walijirusha kwa viungo vyote vinne, mikono ikitoa nguvu kubwa kuliko miguu, na hoja yao inaniridhisha. Hebu fikiria mruko huo: mnyama ameinama chini kabisa, mabega yanachomoka, kisha mwili mzima uko hewani kabla bawa halijafunguka. Mwandishi akiandika hivyo, msomaji ataogopa bila kuambiwa aogope.

Chakula ndicho kiini cha maisha yake, na ndipo hadithi nyingi zinapolegea. Waiveni wa hadithi anashuka, ananyakua ng'ombe, anaondoka naye. Lakini tai mwenye nguvu kabisa hupata taabu kubeba mnyama anayekaribia uzito wake mwenyewe, na ng'ombe ana uzito kuliko waiveni mzima. Hatabeba ng'ombe. Atamla pale pale alipoanguka, haraka, shingo juu kila baada ya mapande mawili, kwa sababu chini ndipo alipo dhaifu. Akishiba hawezi kupaa mara moja. Kenge wa Komodo, mjusi mkubwa wa visiwa vya Indonesia, anaweza kumeza nyama inayofikia asilimia 80 ya uzito wake kwa mlo mmoja, lakini yeye haruki. Tumbusi anaruka, na tumbusi aliyeshiba akitishwa hutapika ili awe mwepesi. Waiveni atafanya hivyo hivyo. Mfuatiliaji anayejua kazi yake hatatafuta nyasi zilizoungua. Atatafuta mabonge ya nyama iliyoanza kuyeyuka, yenye harufu ya uchachu, kando ya mzoga ulioliwa nusu, na atajua kwamba kuna kitu kilimshtua mnyama pale, pengine chenye kutisha kumzidi.

Tena atakula mifupa. Yuko tumbusi wa milimani, mwenye ndevu, ambaye sehemu kubwa ya chakula chake ni mifupa, na ile isiyomezeka huiangusha juu ya miamba kutoka angani mpaka ivunjike. Mpe waiveni tabia hiyo uone bonde linavyobadilika: chini ya genge kuna uwanja mweupe wa vipande vya mifupa, na usiku watu wa bonde husikia mlio wa kitu kikipasuka juu ya mwamba. Pango lenye dhahabu halinitishi hata kidogo ukililinganisha na uwanja huo.

Njaa hiyo pia inaweka mipaka. Simba dume huhitaji kadiri ya kilo 7 za nyama kwa siku, na waiveni mwenye damu moto, anayeruka, hatahitaji pungufu. Kwa hiyo bonde moja litalisha mmoja, labda wawili. Zile picha za waiveni mia moja wakilifunika jua juu ya ngome haziwezekani bila jibu la swali rahisi: jana walikula nini? Waiveni ana eneo lake, analijua pango kwa pango, na anampiga vita mwenzake anayeingia. Ukame ukija na swala wakihama, ndipo anashuka kwenye mazizi ya watu. Mwenye njaa hana miiko. Hana chuki na watu wale, wala hakutumwa na mchawi. Kwangu mimi hapo ndipo hofu halisi ilipo, kwa kuwa na mnyama wa namna hiyo huwezi kufanya mapatano.

Mkia una utata, nakiri. Mkia mrefu ni mzigo kwa mrukaji, na terosauri wakubwa wa mwisho walikuwa na mikia mifupi sana. Lakini wale wa awali zaidi, kama Rhamphorhynchus, walikuwa na mkia mrefu uliokakamaa, na mwishoni kipande cha ngozi chenye umbo la almasi. Ukikitazama kisha ukatazama ncha ya mkia wa waiveni kwenye nembo za kale, utashangaa jinsi zinavyofanana, ingawa waliochora nembo hawakuwahi kuona kisukuku hicho. Mkia wake basi uwe wa kusawazishia mwili angani. Mwiba wenye sumu uwe silaha ya mwisho anapobanwa ardhini. Moto sitaki. Sumu inatosha, na hata sumu haihitaji kuua papo hapo: ile ya kenge wa Komodo, iliyoelezwa katika utafiti wa mwaka 2009, hushusha msukumo wa damu na kuizuia isigande, na mawindo hudhoofika taratibu. Waiveni akimchoma paa hana sababu ya kupigana naye. Anazunguka juu kwenye hewa ya joto inayopanda, anangoja.

Wazee walioandika juu ya majoka walikuwa na heshima ya mnyama kuliko sisi. Plinio wa Roma, katika karne ya 1, aliandika kwamba joka humvizia tembo wakati wa joto kali kwa kuwa damu ya tembo ni baridi, na kwamba tembo akianguka huliponda joka, wote wawili wakafa. Isidori wa Seville, aliyefariki mwaka 636, alisema nguvu za joka haziko menoni bali mkiani. Vitabu vya wanyama vya karne za kati vinataja mti ambao njiwa hukaa ndani yake kwa amani, maana joka linaogopa kivuli chake: kivuli kikienda magharibi, joka hukimbilia mashariki, na kikigeuka nalo hugeuka. Si kweli hata chembe, lakini ona jinsi walivyofikiri! Walijiuliza linakula nini, linaviziaje, linaogopa nini. Hawakuanza na kuuliza lina dhahabu kiasi gani.

Kuhusu uzazi nina msimamo mmoja tu. Jike la waiveni litunze watoto kama mamba anavyowabeba vifaranga wake mdomoni, wala lisiwe kama kenge wa Komodo ambaye watoto wake hujificha mitini wasiliwe na wakubwa. Jike lenye vifaranga hulazimika kurudi mahali pamoja kila siku, na hilo linampa mwandishi kila anachohitaji. Kisha kuna jambo la mwaka 2006, wanasayansi walipotangaza kwamba kenge wa Komodo majike katika bustani za wanyama za London na Chester walitaga mayai yenye uhai bila dume. Shujaa anayemuua waiveni wa mwisho, akarudi mjini kushangiliwa bila kukagua kiota, hajamaliza chochote.

Mwindaji anayejua haya yote hana haja ya upanga wa miujiza. Atachagua siku isiyo na upepo, asubuhi kabla hewa ya joto haijaanza kupanda. Atamwacha mnyama ale bondeni, mbali na mteremko wa kujirushia, na atamjia kwa upande wa mbele, mbali na mkia, akiwa na watu wa kutosha kumzuia asitapike na kujirusha kwa wakati mmoja. Bado wengine watakufa. Ila watakufa kwa sababu zinazoeleweka.

Na kwa wale wanaoniuliza kila mara kuhusu kumpanda: mnyama wa kilo 250 aliyeumbwa kuinua mwili wake mwenyewe hawezi kuongezewa askari mwenye deraya na mkuki. Kama ni lazima, mpandaji awe mtoto mwembamba, safari ianzie kwenye genge na kuishia bondeni, na kurudi juu iwe kwa miguu, wote wawili.