Uvungu wa madigadi ya gari la zamani: rangi ngumu au nta?

Wenye Peugeot 504, Volkswagen za mgongo wa kobe na Mercedes-Benz za W123 hapa Uganda hawakubaliani kuhusu jambo ambalo mpita njia halioni kabisa: kipakwe nini ndani ya madigadi, pale gurudumu linapozungukia, ili bati lisiliwe na kutu. Wapo wanaotaka tabaka gumu, yaani praima (rangi ya kwanza) ya epoksi iliyofunikwa kwa poliurethani ya aina ile inayopakwa kwenye karai la pikapu. Wengine hawaamini kitu kigumu juu ya bati kuukuu, na wanashikilia nta, lanolini itokanayo na sufu ya kondoo, au lami. Kila upande una hoja za kweli. Tatizo ni kwamba hoja hizo nyingi zilizaliwa Ulaya, ambako adui ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji.

Barabara zetu hazimwagiwi chumvi, na maji ya Ziwa Viktoria si ya chumvi. Adui wetu ni moramu, udongo wenye kokoto wa barabara zisizo na lami. Wakati wa kiangazi, kokoto zake hurushwa na tairi na kulipiga bati mahali pale pale, kilomita baada ya kilomita. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba zinapoanza, udongo huo huo hugeuka tope linaloshikamana nyuma ya ukingo uliokunjwa wa madigadi na kukaa na unyevu kwa siku nyingi baada ya barabara kukauka. Kwa hiyo kinga ya hapa inadaiwa mambo mawili ambayo mara nyingi hayaendi pamoja, kustahimili kipigo na kuzuia maji yasifike kwenye maungio. Gari lililowahi kutumika Uingereza au kaskazini mwa Japani lina deni la tatu, kwa kuwa huenda lilifika Mombasa likiwa tayari na chumvi ndani ya mikunjo yake.

Watetezi wa nta wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Nta na lanolini hupenya katikati ya mabati mawili yaliyochomelewa, mahali ambapo bunduki ya rangi haiwezi kufika. Hazidai bati lililong'arishwa kabisa, na fundi akitaka kuchomelea kiraka baadaye huzifuta kwa mafuta ya taa na kuendelea na kazi. Ila ndani ya madigadi, mkabala na tairi, zinashindwa. Kokoto huzikwangua, vumbi huzigandia, na katika safari za kwenda na kurudi shambani bati hubaki tupu mapema mno. Oili chafu ya injini, ambayo bado inapendwa kwa sababu haigharimu kitu, nisingemshauri mtu yeyote aipake: hulainisha na kuvimbisha raba za sasipenshoni, hudondoka na kuchafua udongo, na ina kemikali zenye madhara kwa ngozi ya anayeishika.

Kuhusu lami nina msimamo mkali zaidi. Ikiwa mpya huzuia maji vizuri na hunyamazisha kelele za kokoto, jambo linalowafurahisha wanunuzi. Ikizeeka hukauka na kupasuka, maji huingia kwenye ufa na kusambaa chini yake, na tabaka zima hugeuka kifuniko cha unyevu. Piga kidogo kwa mpini wa bisibisi kwenye ukingo wa nyuma wa madigadi: bati zima hulia, lililooza hutoa mlio mfu, na lami huanguka kipande kizima ikiwa imebeba kutu ya kahawia mgongoni. Wachuuzi wa magari wanaijua siri hiyo, ndiyo maana lami mpya na nyeusi sana kwenye gari linalouzwa inapaswa kumtia mnunuzi wasiwasi.

Upande wa rangi ngumu unashinda kwa kipigo. Epoksi hushika chuma kwa nguvu na huzuia maji, na udhaifu wake mkubwa, kupaukia juani, si tatizo mahali penye kivuli cha madigadi. Poliurethani iliyo juu yake hunyumbuka kokoto inapogonga. Lakini mpango huu hausamehe uvivu. Ukipakwa juu ya kutu, kutu huendelea chini yake bila kuonekana. Dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori isiposuuzwa vizuri huifanya epoksi isishike. Hali ya hewa ya Kampala nayo ina masharti yake: bati linatakiwa liwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande hutunga, hivyo asubuhi baada ya mvua ya usiku si saa ya kupaka. Aina nyingi za epoksi zikikauka kwenye unyevunyevu hutoa utando unaonata, nao usipooshwa, tabaka la pili hubanduka. Tena, poliurethani ya vijenzi viwili ina isosianati, kemikali ambayo inaweza kumletea mpakaji pumu ya kudumu. Kitambaa puani hakimkingi, na gereji ya wazi ya Katwe au Ndeeba isiyo na barakoa ya kupitishiwa hewa safi haipaswi kuinyunyiza, hata mteja akisisitiza.

Wapenzi wa uhalisi wana lalamiko lao, nami naliheshimu. Tabaka nene jeusi hufunika alama za kuchomelea za kiwandani, na magari haya yana historia inayostahili kuonekana. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, enzi ambazo mashindano hayo yalipita pia Uganda. Suluhisho lipo: poliurethani inayokubali kuchanganywa rangi ya bodi, ipakwe nyembamba.

Uamuzi wangu unategemea bati lenyewe. Volkswagen ya mgongo wa kobe hufunguliwa madigadi yote manne kwa boliti, na hivyo hakuna kisingizio cha kutofika kwenye chuma kitupu. Hiyo ipewe epoksi, gundi ya maungio, kisha poliurethani. Kwa 504 na W123, madigadi ya mbele hufunguka, lakini matao ya nyuma yamechomelewa mabati mawili pamoja. Upande unaoelekea tairi upakwe rangi ngumu, na uwazi uliofichika kati ya mabati hayo upulizwe nta kupitia ndani ya buti, baada ya kuhakikisha kwamba matundu ya kutolea maji hayajaziba. Mwenye gari asiyeweza kulipia kazi ya kufikia chuma kitupu atumie lanolini peke yake na kuipaka upya kila mwaka, Februari na Agosti zikiwa miezi mizuri, kabla mvua hazijaanza.