Kabla ya kununua amplifaya, tandaza waya

Kwenye bendi ya mita 160 kuna aina ya kituo ambayo kila mwenye redio ya ridhaa anaijua. Kinaita CQ, yaani wito kwa yeyote anayesikia, kwa nguvu ya kutikisa spika, vituo vitatu vinne vya ng'ambo vinakijibu, nacho kinaendelea kuita kana kwamba hakuna aliyefungua mdomo. Debe tupu. Mwenye kituo si mtu mbaya wala redio yake si mbovu. Amenunua amplifaya ya wati 1,500 kabla hajajiuliza anasikilizia nini.

Msimamo wangu ni huu: kwenye masafa ya chini, yaani mita 160 na 80, na kwa kiasi fulani mita 40, pesa ya kwanza iende ardhini, ya pili iende kwenye antena ya kupokelea, amplifaya isubiri zamu yake. Najua wengi watanipinga. Amplifaya ina sindano inayocheza na mgeni akija utamwonyesha. Waya uliolala kwenye nyasi utamwonyesha nani?

Lakini piga hesabu. Kwenye megahezi 1.83 urefu wa wimbi ni karibu mita 164, kwa hiyo antena ya wima ya robo wimbi inataka mlingoti wa mita 40. Wengi wetu tuna mti au nguzo ya mita 15. Waya wa wima wa mita 15, ukiulazimisha uitike kwa koili ya chini, unabaki na ukinzani wa mnururisho wa omu 3 hivi, na huo ndio unaogeuza umeme kuwa mawimbi. Ardhi nayo inadai chake: ukiwa na nyaya chache tu zilizotandazwa, hasara ya omu 15 si ajabu, na koili sijaigusa. Ukiingiza wati 100, kama 17 ndizo zinazoondoka. Zilizobaki zinawapasha minyoo joto.

Sasa redio iache ilivyo. Chukua mita 25 nyingine za waya, ziunge juu ya ule wa wima na uzivute kwa ulalo, upate L iliyopinduliwa. Mkondo wa umeme haufifii tena kabla ya kufika juu, na ukinzani wa mnururisho unapanda hadi omu 12 hivi. Ongeza nyaya za ardhini mpaka hasara ishuke, tuseme, hadi omu 8. Wati zile zile 100 sasa zinatoa 60 hewani. Ni zaidi ya mara tatu, na bili ya umeme haikuguswa.

Nyaya hizo za ardhini hazina masharti makali. Zikilala juu ya udongo hazihitaji kukatwa kwa kipimo maalumu, na ukiwa na waya mdogo, nyingi fupi zinafaa kuliko nne ndefu. Vituo vya utangazaji hufukia hadi 120, desturi iliyopata nguvu kutokana na vipimo vya Brown, Lewis na Epstein vya mwaka 1937. Wewe ukifika 30 umeshapata sehemu kubwa ya faida. Na dipole, yaani waya wa ulalo unaolishwa katikati, iliyolala mita 10 kutoka ardhini? Kwenye mita 160 inarusha karibu yote wima kwenda juu. Ni nzuri kwa majirani wa kilomita mia chache, lakini ng'ambo utahangaika.

Kurusha, basi, kunatengenezeka. Kinachowashinda watu ni kusikia, na hapa ndipo ninapokosa subira na wauza amplifaya. Ile antena ya wima inayorusha vizuri ndiyo inayosikia vibaya, kwa sababu inazoa kila kitu kutoka kila upande: chaja za simu, taa za LED, inveta za sola, na radi zinazopiga maelfu ya kilomita mbali. Mchana tabaka D la ionosfia, ile anga ya juu inayorudisha mawimbi duniani, hunyonya mawimbi ya masafa haya. Jua likizama tabaka hilo hufifia, njia inafunguka, na kwa njia hiyo hiyo inayomleta rafiki wa ng'ambo inakuja mikwaruzo ya radi za bara zima.

Dawa yake inashangaza mwanzoni: antena dhaifu. Kelele za nje kwenye masafa haya ziko juu sana kuliko kelele za redio yenyewe, hivyo antena ya kupokelea inaweza kupoteza desibeli 10, yaani nguvu ibaki sehemu moja ya kumi, au zaidi bila madhara, mradi inakataa kelele za pande nyingine. Harold Beverage, mhandisi wa Marekani, aliijua siri hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita: waya mrefu uliotandazwa karibu na ardhi kuelekea upande unaousikiliza. Desemba 1921, Paul Godley, mwanaredio wa Marekani, alikaa kwenye hema huko Ardrossan, Uskoti, na waya wa aina ya Beverage wenye urefu wa mita 400 hivi, akasikia vituo vya wanaredio wa Marekani, kikiwemo 1BCG cha Connecticut. Jaribio la mapema mwaka huo huo, wasikilizaji wakiwa Waingereza, halikuambulia kitu. Kweli, 1BCG hakikuwa kituo kidogo. Lakini bila waya ule sidhani kama kelele zingemruhusu.

Asiye na hata mita 150 za uwanja za kutandaza waya kama huo asikate tamaa. Kitanzi cha K9AY (alama ya wito ya mbunifu wake), kilichochapishwa mwaka 1997, kina waya wa mita 26 tu na rezista ya omu mia chache, na kinakaa penye nafasi ya kuanikia nguo. Kaa nacho mapambazuko, zile dakika chache ambazo bendi hupanda kabla haijafa. Kwenye antena ya wima, sindano ya kupima nguvu ya ishara imesimama S7 na ni mvumo mtupu. Bonyeza swichi uhamie kwenye kitanzi: sindano inaanguka hadi S2, unadhani waya umekatika, kisha chini kabisa unasikia Morse nyembamba inayosomeka herufi kwa herufi. Sauti imepungua na maneno yameongezeka.

Kuna wanaosema FT8, mtindo wa kompyuta wa kutumiana ujumbe mfupi, imemaliza tatizo, kwa kuwa inasoma ishara iliyo desibeli 20 chini ya kelele. Sina ugomvi na FT8. Ila kelele zikishuka desibeli 10, nayo inafaidika desibeli 10 zile zile, na upande wa pili bado kuna watu wanaokuita wasiojibiwa.

Ninaowalalamikia zaidi ni wanaorusha kutoka kwao huku wakisikilizia kipokezi cha intaneti kilicho bara jingine. Kwa burudani, sawa. Kwa tuzo ya DXCC, ile ya kuwasiliana na nchi 100 au zaidi, hapana: kanuni zinataka kirushio na kipokezi cha kituo kimoja viwe ndani ya mduara wa kipenyo cha mita 500. Wapo wanaoiona kanuni hiyo ya kizamani. Mimi ningeiacha kama ilivyo. Mita 500 zinatosha waya wa Godley, na kitanzi cha K9AY unaweza kukifunga Jumamosi moja.