Umeme wa kuamsha umakini wa wazee: tunapima nini?

Mzee anapoanza kuachwa nyuma na mazungumzo, watu wa nyumbani hukimbilia kusema amesahau. Mara nyingi hajasahau. Maneno hayakuingia tangu mwanzo: watatu walisema kwa pamoja, redio nayo inalia, na ubongo wake ukashindwa kuchuja lipi la kusikiliza na lipi la kuacha. Hapo kilichopungua ni umakini, na ndiyo maana nafuatilia kwa hamu tafiti za kuuchangamsha ubongo kwa umeme.

Njia inayojaribiwa sana ni nyepesi kuliko neno umeme linavyotisha. Sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi hufungwa kichwani, moja ikikaa juu ya paji la uso, kisha umeme wa miliampia 1 au 2 hupitishwa kwa dakika 20 hivi. Mzee huhisi mwasho, au kama anachomwachomwa na vijisindano. Umeme huo hauzilazimishi seli za ubongo kufanya kazi, huzisogeza tu karibu na kuamka. Kwa hiyo naona haina maana kumfunga mtu sponji akae tu anatazama ukuta; apewe zoezi la umakini papo hapo.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walichapisha majaribio yaliyohusisha watu 150 wenye umri wa miaka 65 hadi 88. Wao walitumia umeme unaopanda na kushuka kwa mdundo maalumu, dakika 20 kwa siku, siku 4 mfululizo, washiriki wakikariri orodha za maneno. Mwezi mmoja baadaye faida ilikuwa bado ipo. Hiyo ni kumbukumbu, lakini kumbukumbu huutegemea umakini.

Linalonikera ni vipimo. Tafiti nyingi humkalisha mzee mbele ya kompyuta abonyeze kitufe mshale unapoelekea kushoto. Akibonyeza kwa kasi zaidi baada ya umeme, matokeo huitwa mazuri. Je, anavuka barabara salama zaidi? Anafuata maelezo ya daktari hadi mwisho? Mzee mwenyewe aulizwe kabla ya jaribio ni wapi umakini unamtupa, na apimwe hapo hapo.

Kuna na suala la kichwa chenyewe. Sehemu kubwa ya umeme huishia kwenye ngozi na fuvu. Kadiri umri unavyosonga, ubongo husinyaa na maji yanayouzunguka huongezeka, hivyo kipimo kimoja cha umeme hakifiki kwa nguvu ile ile kwa kila mtu. Ndiyo sababu napinga vifaa vya kujifunga nyumbani vinavyouzwa mtandaoni, hasa kwa mtu mwenye kifafa au chuma kichwani.

Kabla ya yote hayo, masikio yake yapimwe. Usingizi wake uulizwe. Dawa zake zikaguliwe moja moja, maana baadhi ya dawa za mzio na za usingizi, kama difenhidramini, huzuia asetilkolini, kemikali ambayo ubongo huitegemea ili uwe makini.

Mama yangu akitaka kujiandikisha kwenye jaribio linalosimamiwa na madaktari, nitamsindikiza mwenyewe, na nitawauliza wanaolisimamia watajuaje kwamba limemsaidia akiwa mezani na wajukuu zake.