Jahazi Haliponi kwa Kujitolea Peke Yake

Mwaka 1950 alifariki Henry Haydn Jones, mwenye reli ndogo ya Talyllyn huko Wales, na wengi wakadhani reli imekwenda naye. Mwaka uliofuata watu wa kujitolea waliishika, ikawa reli ya kwanza duniani kuokolewa namna hiyo, na mpaka leo treni zake zinakwenda. Wanaotaka majahazi ya kale ya Lamu yahifadhiwe huuliza: wao wameweza, sisi tunashindwaje?

Wana hoja. Kujitolea si jambo geni kwetu. Siku ya kushua chombo, yaani kukiingiza majini, kijijini Matondoni huko Lamu, wavutao kamba hawaulizi ujira. Mwenye chombo hupika, watu hula, wakarudi makwao.

Lakini kushua humalizika maji yakijaa. Kutunza hakumaliziki. Jahazi hutaka kukalafatiwa, pamba ishindiliwe kila penye upenyo wa mbao, lipakwe sifa, yaani mafuta ya papa, na huku chini shahamu na chokaa kuzuia wadudu wa baharini. Baada ya miezi unaanza upya. Mwenye mshahara au pensheni anaweza kuitoa Jumamosi yake kwa injini ya mvuke. Fundi wa Lamu akiitoa siku yake, jioni nyumbani hapapikwi. Hapo ndipo mfano wa Wales unaponikatikia.

Basi tutafute wafadhili? Wafadhili hupenda jahazi jipya na picha ya siku ya kulishua. Pamba ya mwaka wa tatu haina mpiga picha. Hata kuandikwa kwa Mji Mkongwe wa Lamu kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001, heshima kubwa, hakumnunulii mtu ubao.

Kuna wanaokereka kuona jahazi likibeba watalii kwenda kutazama jua likitua, limejaa matakia. Mimi sikereki, Talyllyn nayo huuza tiketi. Ninachohofia ni miaka kama 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni katika kaunti ya Lamu, na 2020 ya korona, wageni walipotoweka. Chombo kisichopata matunzo mwaka mmoja tu huanza kuoza.

Kwa hiyo sehemu ya kila tiketi iwekwe kando kwa miaka hiyo, fundi alipwe kwanza pamoja na kijana mmoja anayejifunza kwake, na wa kujitolea wabebe mbao na kuvuta kamba. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za kumbi, hatuna tena baharini. Tunao mfano wake mdogo, ndani ya makumbusho.