Swali ambalo hatukuulizwa siku ya posa

Nilipofundwa, somo yangu alinikalisha ndani kwetu Makorora siku tatu. Alinifunza usafi, kauli nzuri, kufukiza udi, hadi namna ya kuishi na mawifi. Mengi aliyonipa ninayo mpaka leo. Ila kuhusu kazi yangu hakugusia, na kwenye posa wazee walizungumza mahari, tarehe na idadi ya wageni, wakaomba dua, tukala. Hakuna aliyeuliza: akijifungua, mtoto atakaa na nani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua mapacha. Zangu zilipokwisha nilirudi kwenye meza yangu ya uhasibu hapa mjini Tanga. Saa nne asubuhi maziwa yalishalowesha gauni, nikajiziba kwa mtandio, nikaenda chooni kukamua nikimwaga kwenye sinki, huku mwanangu yuko kwa mama, mwendo mfupi tu wa baiskeli. Nililia. Wiki nzima nilikuwa hivyo, mpaka dada mmoja wa ofisini, mama wa watoto watatu, akaniambia sheria hiyohiyo inaniruhusu kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Niliomba, nikapewa. Kumbe haki ilikuwepo, na sikuwa na wa kunieleza.

Baba je? Sheria inamhakikishia siku 3. Kwetu akika hufanywa siku ya saba, kwa hiyo mwanamume anaweza kuwa amesharudi kazini kabla mtoto hajanyolewa. Halafu tunashangaa akimwogopa kumshika!

Wadogo zangu huniuliza waolewe kwanza au wasubiri cheo. Mimi nasema muulize mchumba wako swali lile la mtoto, tena kabla ya barua ya posa kujibiwa. Akikwambia "tutaona", ujue atakayeona ni wewe.

Lakini lipo jambo linaloniuma zaidi, nalo nilichelewa kuliona. Mama alikuwa na biashara yake ya vitumbua barazani, wateja wake tangu niko shule. Aliisimamisha ili mimi niende ofisini, na hakulalamika hata siku moja. Nikapandishwa cheo, nikapongezwa, na chuma chake cha vitumbua kilikuwa kimening'inia ukutani, kimeshika kutu.

Nilipomwambia mume wangu, alinyamaza kwanza. Kisha akasema alfajiri aachiwe yeye. Siku hizi anachemsha maji, anamwogesha mtoto kwenye beseni, anampaka mafuta, anamlisha uji. Mama mkwe alikuja mara moja akamkuta hivyo, uso ukamshuka, mume wangu akamjibu kwa adabu, "Mama, huyu ni wangu pia."

Saa moja na nusu anampeleka kwa bibi yake. Wakati huo vitumbua vimeshakwisha, na mama ananawa mikono ampokee mjukuu.