Akili mnemba na kibano cha bibi wa Kongwa

Huku Kongwa, mkoani Dodoma, utamkuta bibi amekaa kivulini, kibano kidogo cha chuma mkononi, anang'oa kope zilizogeukia ndani zinazomkwaruza jicho. Ni vikope, au trakoma, ugonjwa wa macho unaoletwa na bakteria. Humkumbuka kila nisikiapo kwamba akili mnemba sasa inagundua dawa.

Habari yenyewe ni kubwa. Mwaka 2020, watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliifundisha programu kwa molekuli zaidi ya 2,300, ijue zipi huzuia bakteria na zipi hazifui dafu. Kisha wakaipa maelfu ya nyingine ipekue. Ikachomoa moja iliyowahi kuchunguzwa kwa ajili ya kisukari. Waliiita halicin, na kwenye panya ilitibu maambukizi ya bakteria sugu. Kwetu, ambako antibiotiki hununuliwa bila cheti na mgonjwa huacha dozi akipata nafuu, hilo si jambo la kubeza.

Ila halicin bado haijawa dawa ya kumpa mgonjwa. Kompyuta hupekua kwa siku chache. Kuijaribu dawa kwa binadamu huchukua miaka, na molekuli nyingi huishia hapo.

Kinachonikera zaidi ni hiki: mashine inajifunza kwa miili ya nani? Chukua efavirenz, dawa ya VVU. Waafrika wengi wana kimeng'enya kinachoivunja polepole, kwa hiyo hujaa mwilini na kuleta kizunguzungu na ndoto za kutisha. Hilo lilieleweka wakati watu wameshaanza kuimeza. Programu iliyolishwa data za Ulaya na Marekani peke yake itatukosea vivyo hivyo, tena haraka zaidi.

Wapo wanaosema basi tufunge milango, tusitoe damu wala data, maana wataondoka nazo na kutuuzia dawa kwa bei ya kuruka. Hofu yao ni ya haki, lakini mimi sikubaliani na dawa yao. Kongwa imechunguzwa kwa ajili ya vikope tangu miaka ya 1980, na utafiti wa hapa ulisaidia kuonyesha kwamba kuwanawisha watoto uso, pamoja na tiba, hupunguza vikope vikali. Baadaye ikaja azithromycin, antibiotiki ya dozi moja ya kumeza badala ya marhamu ya tetracycline mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Aliyewahi kumshika mtoto wa miaka miwili ampake marhamu ile anajua tofauti yake.

Lakini kidonge huua bakteria tu, hakiinyooshi kope iliyokwisha kugeuka. Bibi anahitaji upasuaji mdogo wa kope, na wajukuu zake maji ya kunawa katika wilaya kame. Hakuna programu itakayochimba kisima hicho.

Kwa hiyo sampuli zetu ziende, na vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wafundishwe kuzichambua hapahapa Dodoma. Lakini kabla kichupa kimoja hakijapanda ndege, mkataba utaje nani atapewa dawa itakayotokana nazo, na kwa bei gani.